Radi imepiga Jangwani, redio imeungua kwetu

Wikiendi nilikuwa nyumbani Mchikichini. Mvua ya masika, radi ikapiga upande wa Jangwani, si kwetu. Asubuhi redio ya intaneti ya kaka kule juu ya paa kimya, swichi ya ndani nayo imekufa. Siku 3 hakuna mteja, na ada yangu inatoka humo humo!

Nilidhani mpaka radi ikuguse. Kumbe waya mrefu wa mlingoti hunasa umeme wa radi ya jirani. Halafu mlingoti ulikuwa na ethi yake, nyumba yake. Volti zikitofautiana, umeme unapita kwenye vifaa. Fundi kaziunganisha, kaweka kikinga-radi waya unapoingia ndani. Mawingu yakitanda, kaka anachomoa kabisa (wateja wananuna, wanune tu).

Kesho pepa ya saikolojia, ngoja nikasome.