Maua ya Utepe Katika Nchi ya Dhahabu

Ukitoka Shinyanga mjini kwenda Geita, unapita Tinde, Isaka na Kahama, kisha unashika njia ya Kakola, penye mgodi wa Bulyanhulu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, tena ya madini: almasi za Mwadui ziligunduliwa mwaka 1940, na Geita, mji wa dhahabu, ilifanywa mkoa mwaka 2012.

Mama mwenzangu, penye machimbo watu huhama upesi. Baba husikia kuna rashi mpya, na jamaa hufunga mizigo. Picha za harusi na za ubatizo hulowa au huliwa na mchwa. Mtoto atamjuaje bibi yake aliyebaki kijijini?

Basi tengeneza albamu, uipambe kwa maua ya mkono. Chukua utepe wa satini wenye upana wa vidole viwili, ukate sentimita 30. Pitisha ncha zake karibu na mwali wa mshumaa zisifumuke. Shona bandi ukingo mmoja, vuta uzi utepe ujikunje, uuzungushe uwe ua, kisha ukaze chini kwa mishono michache. Katikati weka kifungo cha blauzi kuukuu. Libandike pembeni mwa ukurasa, kamwe si juu ya picha, maana gundi huiharibu.

Waache watoto wachague rangi: ua hili la bibi, lile la babu. Siku ya kuhama, albamu ifungwe vizuri, nawe uibebe mwenyewe.