Panya Anayesubiri Mvua

Septemba, alfajiri, nyasi za Morogoro zimekauka hadi zinavunjika chini ya buti. Napita mstari kwa mstari, mtego mmoja kila mita 10. Mtego uliojifunga naunyanyua kwanza nisikie uzito wake, kisha naufungulia ndani ya mfuko wa kitambaa. Namshika panya ngozi ya shingo, namtazama tumbo, namning'iniza kwenye mizani. Gramu 24. Gramu 22. Gramu 26. Asubuhi nzima ni hivyo hivyo, na mwezi uliopita ilikuwa hivyo hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwaandika hawa "watoto". Nilikosea. Msimamizi wangu alinirudisha kwenye alama tulizowawekea, tukafunua kurasa za nyuma za daftari. Panya niliyemwita mtoto siku hiyo nilikuwa nimemshika tangu Juni, naye alikuwa na gramu 21. Ni mtoto gani wa panya anayekaa miezi mitatu bila kukua?

Panya shamba, ambaye wanasayansi humwita Mastomys natalensis, ni kiumbe wa kuzaa. Jike ana chuchu nyingi, hata 24. Hubeba mimba siku 23, na mara nyingi huzaa watoto 11 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Mwili wa namna hiyo kusimama tuli si jambo dogo. Kiangazi nikimgeuza jike mchanga, naona uke wake bado umezibwa na ngozi nyembamba. Dume naye korodani hazijashuka. Si wagonjwa hawa. Chakula kilichobaki ni mbegu kavu, wadudu wamepungua, jani bichi halipo. Maziwa ya vitoto 11 yangetoka wapi? Basi kile kidogo kinachopatikana kinaishia kwenye kuishi tu. Kukua kunasubiri, na kuzaa kunasubiri.

Huko Ulaya wanyama wadogo huongozwa sana na mwanga, kwa sababu siku za baridi ni fupi mno. Mwaka 1949 mwanasayansi August Dehnel wa Poland alieleza habari za kirukanjia ambaye fuvu lake husinyaa majira ya baridi, kisha hukua tena baridi ikiisha. Kila nikimwaza mnyama huyo namheshimu. Lakini Morogoro siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote hazipishani hata saa moja. Mwanga hauna mengi ya kumwambia panya wetu. Yeye husoma mvua, na huisoma kupitia majani machanga na chakula kinachokuja nayo. Masika yakishakolea, panya walewale wa gramu 24 wananenepa wiki hadi wiki. Majike niliowaandika Februari kwamba hawajafunguka, Mei nawakuta matumbo yamejaa.

Ndege pia wana hesabu zao. Nimewahi kusaidia kwenye kazi ya kweleakwelea, na hapo nilijifunza kwamba mvua za kwanza, tunazozishangilia sisi, kwake ni njaa. Mbegu za nyasi zilizolala ardhini huota zote kwa pamoja, akakosa cha kudonoa. Ndiyo maana hujiwekea mafuta mapema. Ukimpulizia manyoya ya kifuani unayaona chini ya ngozi, ya manjano. Kwa mafuta hayo huruka akavuka eneo lenye mvua mpya, akatua kule ilikonyesha wiki kadhaa nyuma na nyasi zimeshatoa mbegu.

Narudi kwa panya, maana yeye ndiye anayekula mahindi yetu, akifukua punje iliyopandwa jana na kukata mche uliochomoza leo. Mwaka wa vuli haba, panya wa kiangazi husubiri hadi masika. Vuli ikinyesha sana, hawasubiri. Wanakomaa mapema, wanaanza kuzaa Januari, na watoto wao nao wanawahi kukomaa na kuzaa ndani ya msimu uleule. Hapo shamba lililokuwa na makumi ya panya kwa hekta linafikia mamia.

Nakumbuka mama mmoja mkulima aliyenisimamisha njiani nikiwa na mitego begani.

"Mwanangu, hivi vijipanya vya nini? Si vitoto tu hivi?"

"Mama, shikamoo. Hawa si watoto. Wana miezi sita. Wanasubiri mvua."

"Marahaba. Na ikinyesha?"

"Ikinyesha watazaa wote kwa pamoja."

Alinyamaza, akaangalia shamba lake. Mwaka ule vuli ilikuwa kubwa. Sumu iliyoahidiwa kijijini ilifika miche ikiwa imeshaliwa, naye alipanda mara tatu. Kila ninapopima panya wa gramu 24 namkumbuka.

Kwa hiyo nawaomba wakulima wenzangu na maofisa ugani: tazameni vuli. Ikizidi kawaida, msingoje kuona mche umekatwa. Januari tegeni mitego michache kando ya shamba, geuzeni majike mtazame matumbo. Mkikuta mimba, kubalianeni kijiji kizima mfanye kazi siku moja, kabla ya kupanda, kwa sababu shamba la mtu mmoja likisafishwa peke yake, panya wa jirani huhamia humo mara moja.