Krismasi bila sauti

Haya wadau, kimya kingi kina mshindo. Nimepotea hapa tangu wiki mbili kabla ya Krismasi, mpaka kuna watu wakaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nilikuwa nyumbani Ruaha, na juzi nimerudi hosteli Mabibo na mchele wangu wa Ifakara. Kwa wale wageni: nikisema Ruaha simaanishi ile hifadhi ya kule Iringa yenye tembo kwenye kalenda. Ni Ruaha ya Kilosa, ukifika Mikumi unaacha barabara ya Iringa, unakata kushoto, unashuka na milima ya Udzungwa mpaka kwenye mashamba ya miwa. Ukivuka daraja la mto upo Kidatu. Ndo kwetu hapo.

Leo sina habari za boom wala za foleni ya kafeteria. Nataka kuongelea filamu za kimya. Ndiyo, zile za mababu wa wazungu, nyeusi na nyeupe, watu wanatembea kama wamebanwa na haja. Kabla hatujafunga chuo mshikaji mmoja anayesoma sanaa alinijazia flashi filamu fupi za kuchekesha za Krismasi za enzi hizo. Nilimwomba kwa sababu moja tu: betri ya laptopu yangu inakaa saa moja na nusu ikijitahidi, na Krismasi kwetu umeme hauna ahadi. Inachekesha ukizingatia bwawa la Kidatu, megawati 204, lipo pua na mdomo na kitanda changu. Filamu ya dakika 20 unaimaliza kabla ya giza.

Nyingine nilizipitia haraka. Kuna Santa Claus ya mwaka 1898, ya Mwingereza George Albert Smith, dakika moja na kidogo, haichekeshi sana ila unashangaa jinsi walivyoweza kuonyesha picha mbili ndani ya picha moja miaka ile. Kuna Good Cheer ya 1926, ya lile kundi la watoto la Hal Roach, Our Gang, alimokuwemo na mtoto mweusi Farina, jina lake halisi Allen Hoskins. Watoto wanapasha matofali moto wauzie watu wenye baridi ya miguu. Sawa, nzuri, lakini theluji mwanzo mwisho. Kwetu Desemba tofali la moto utamuuzia nani?

Iliyonimaliza ni Big Business ya mwaka 1929. Laurel na Hardy, yule mwembamba na yule mnene, wanauza miti ya Krismasi nyumba kwa nyumba. Walipiga picha mwisho wa Desemba 1928 kule Los Angeles, na jua linawaka! Jamaa wamevaa makoti, vivuli vyeusi chini, nyasi za kijani, wao wanabeba msonobari. Hapo nilijisikia nyumbani kabisa. Krismasi yetu ni hiyo hiyo, jasho na matope, na mti wetu hasa ni ule mkrismasi unaotoa maua mekundu bila kuambiwa na mtu.

Basi bwana, nyumba moja mama wa watu anakataa. Nyingine Hardy anapigwa nyundo ya kichwa. Wanafika kwa mzee mmoja mwenye masharubu, James Finlayson, Mskochi. Mzee hataki mti. Anafunga mlango, tawi linabanwa. Wanagonga, anafungua, anafunga, safari hii linabanwa koti. Hivyo hivyo mara kadhaa, kwa adabu zote. Laurel anapata wazo la biashara: kama hutaki mwaka huu, tuandike oda ya mwakani? Mzee anachukua mkasi anaukata mti. Wao wanamkata nywele chache za kichwani. Yeye anavunja taa ya gari, wao wanang'oa kengele ya mlango. Na utamu wa filamu nzima upo hapa: hawapigani ovyo. Mmoja anavunja, mwingine anasimama anatazama kwa makini, anangoja zamu yake. Mpaka gari limebaki vyuma na nyumba haina madirisha.

Wakati huo wote kuna polisi. Amekaa pembeni, ana kidaftari, anaandika. Kinavunjika kitu, anaandika. Hazuii chochote. Mkumbukeni huyo polisi.

(Hal Roach, mwenye studio, alipenda kusimulia kwamba walikosea nyumba, wakabomoa ya mtu aliyekuwa safarini. Wapo waliokuwepo waliosema si kweli. Mimi naona ni stori ya mzee anayejua kuuza filamu zake.)

Sasa nyumbani. Usiku wa tarehe 24 tulikuwa kama watu kumi na tano sebuleni. Dada yangu mkubwa ni kiziwi tangu utotoni. Alisoma shule ya viziwi mbali na nyumbani, akarudi na lugha ya alama ambayo pale kwetu tunaoifuata vizuri ni mimi na Mama. Wengine wanamwonyesha tu: njoo, kula, kaa. Anashona, na anashona vizuri, sare za shule za nusu ya mtaa ni mkono wake. Krismasi zote watu wakiweka sinema yeye huwa jikoni, kwa sababu sinema kwetu ni kusikiliza. Hata kwenye kibanda umiza watu hawalipi kuangalia tu, wanalipa kusikia mkanda uliotafsiriwa, mtindo wa Lufufu, jamaa anaeleza kila ngumi mpaka basi.

Umeme ulipokatika nikaweka laptopu juu ya stuli. Binamu yangu wa kidato cha pili akajitangaza kuwa Lufufu, akaanza: "Hapa sasa jambazi anaingia!" Jambazi gani. Dada alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye mkeka, na baada ya dakika tano hivi niliona kitu. Alikuwa anacheka kabla yetu. Sisi tulikuwa tunangoja binamu aeleze ndo tucheke. Yeye alikuwa anatazama macho ya yule mzee, anajua kinachofuata. Watoto wakagundua, wakaacha kumsikiliza binamu, wakawa wanamtazama Dada. Akishika mdomo, wanajua kinakuja. Binamu akaishiwa biashara, akanyamaza mwenyewe.

Naomba nichepuke kidogo. Mwaka 1935 mpaka 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza unaitwa BEKE, makao yake Vugiri, kule milima ya Usambara, wakitengeneza filamu za kufundisha Waafrika wa Tanganyika na jirani zake, sauti zikitoka kwenye sahani za santuri. Na baadaye kwenye Colonial Film Unit alikuwepo bwana William Sellers aliyeshikilia kwamba Mwafrika asionyeshwe picha za haraka, atachanganyikiwa. Taratibu, kitu kimoja kimoja. Huku Zanzibar jumba la sinema la Royal pale Vuga limefunguliwa tangu 1921, enzi hizo hizo za filamu za kimya, na watu wanakata tiketi zao na kurudi kesho yake. Huwa najiuliza Sellers angemwambia nini Dada. Turudi.

Filamu ilipokwisha betri ilikuwa asilimia 40. Watoto wanataka irudiwe. Dada akainuka, akatuonyesha kwa mkono tusubiri. Akachukua daftari la Mjomba mezani. Kwa wasiomjua, Mjomba wetu ndiye mweka hesabu wa ukoo: michango, misiba, nani katoa kuku, yote ipo kwenye daftari lile. Dada akakaa pembeni ya Mjomba, akapiga bega kama yule polisi, akalamba ncha ya kalamu. Akamtazama Mjomba. Akaandika. Akamtazama tena. Akaandika. Nyumba ikaangua kicheko, Mjomba mwenyewe akicheka kuliko wote.

Kisha hakukaa. Akaonyesha kola, vifungo, marinda. Sare. Vidole kumi, halafu vinne. Akaonyesha upande wa Kidodi. Akaugonga mfuko wa shati la Mjomba mara mbili, pole pole. Halafu akautoa nje mfuko wa gauni lake, mtupu, akauacha unaning'inia.

Hapo hakuhitajika mtafsiri. Mjomba ndiye alipeleka sare kumi na nne kwa wazazi wa Kidodi tangu Novemba, akapokea hela. Kila akiulizwa jibu lake lilikuwa moja: "Mimi na yeye tumeshaelewana." Mama alikuwa ameshauliza mara tatu, na mimi mara moja kwa simu, lakini neno la mkubwa mbele za watu nani atalipinga, na Dada alikuwa hayupo kwenye mazungumzo ila kwa kupitia sisi. Safari hii aliongea na watu kumi na tano kwa mkupuo mmoja.

Mama akasema kwa upole wake ule unaotisha, "Kumbe kaka hamjaelewana?"

Mjomba akakohoa. Akasema mambo ya sikukuu tusiyachanganye. Mama mdogo akasema hapana, tuyachanganye. Dada bado amesimama, mfuko nje, anamwangalia Mjomba vile vile Finlayson alivyokuwa anangoja zamu yake.

Tarehe 26 asubuhi Mjomba alileta hela ya sare saba. Zilizobaki kasema shule zikifungua. Shule zimefungua. Mama ananiambia daftari sasa linakaa kwa Dada, ndani ya droo ya cherehani, na Mjomba akitaka kuandika mchango wowote inabidi akalichukue huko.

Jana Dada kanipigia simu ya video. Kaonyesha tai inayopepea, maana yake yule mnene, halafu akafungua mikono: wengine wapo? Nimempa Keaton na Chaplin lakini anataka za Krismasi, anasema zile zina watu wanaofanana na wa kwetu. Kwa hiyo wadau, mwenye nyingine aniletee, flashi ninayo. Nipo chumbani mpaka saa mbili usiku, baada ya hapo nina kikundi cha kujisomea, na kesho kuna testi.