Kambale wa Jumatano

Ukiishi Ruhembe unazoea rangi moja. Miwa kulia, miwa kushoto, na katikati barabara ya vumbi yenye matrekta yanayokokota matela kwenda kiwandani. Msimu wa kuvuna ukianza, mashamba huchomwa kabla ya kukatwa, na jioni masizi yanaelea hewani kama manyoya ya kunguru, yanatua kwenye nguo ulizoanika asubuhi. Chakula nacho kina rangi yake: ugali na maharage, Jumatatu mpaka Jumapili. Wali ukionekana, ujue kuna mgeni.

Sisemi maharage ni mabaya. Maharage yametulea. Ila watu wakila kitu kilekile kila siku hufika mahali hakuna anayeuliza tena "leo tunakula nini?", na nyumba isiyouliza swali hilo ina ukimya ambao mimi unanitisha.

Kwangu ukimya huo ulikaa mezani pamoja na mama. Alihamia hapa kutoka Ifakara baada ya baba kufariki, presha ikiwa juu, na hospitali wakamwambia apunguze sana chumvi. Maharage yasiyo na chumvi, jamani, ni adhabu. Akawa anamega matonge mawili, anasukuma sahani. "Nimeshiba, mwanangu." Vidonge alimeza bila ubishi, lakini mtu haishi kwa vidonge. Kanga aliyokuwa akiifunga kwa shida sasa ilimzunguka ikabaki na pindo la kuchezea.

Mama ni mtu wa mto. Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwake umuhimu wenyewe ni rahisi zaidi: masika mto unafurika, samaki wanatawanyika mbugani, na maji yakipungua kambale wanabaki kwenye madimbwi wakihema. Kambale ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana unaweza kumkuta sokoni bado anajipinda ndani ya ndoo. Mtu aliyekulia kwenye wingi huo ukamletea maharage ya chukuchuku siku saba, unategemea ale?

Nikachagua Jumatano. Iko katikati, mbali na Jumapili huku na huku, siku ambayo wiki inakuwa nzito kuliko zote. Mwenye samaki anapita na pikipiki, ndoo imefungwa nyuma kwa mpira. Nilianza na perege, maana perege hana makuu. Mparue magamba, mtoe matumbo, mchanje ubavuni mara tatu, kisha msugue kwa limau, kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa. Mwache nusu saa. Kabla ya kumtia kwenye mafuta mfute maji, la sivyo mafuta yatakurukia usoni. Akishaingia, usimguse. Watu wengi wanaharibu samaki kwa kiherehere cha kugeuzageuza. Ngozi inabaki kwenye kikaango, mnakula makombo. Samaki akiwa tayari kugeuzwa anaachia mwenyewe.

Limau ndilo lililotuokoa. Ukali wake unaudanganya ulimi, hausikii sana kwamba chumvi haipo. Kwa sababu hiyohiyo ng'onda hatununui, chumvi yake inatosha ukoo mzima. Tunachukua kambale aliyekaushwa kwa moshi, na muuzaji lazima aulizwe kama hakupakwa chumvi kwanza. Moshi una ladha yake, hauombi msaada.

Hapo nina ugomvi na mapishi ya mitandaoni yanayomrushia samaki viungo kumi na viwili mpaka hujui unakula nini. Nina ugomvi pia na waandishi wetu. Riwaya ngapi umesoma ambamo watu "walikula wakashiba", nukta, tukio linalofuata? Hivi walikula nini? Nani alipika, na nani hakumaliza?

Jumatano ya kambale mkavu nilimloweka kwenye maji ya vuguvugu, nikamtoa mchanga na mifupa mikubwa. Nikakaanga kitunguu na nyanya mpaka zikalainika, nikaweka tui jepesi, samaki, nyanya chungu nne zilizokatwa vipande na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Tui zito linaingia mwisho, na ukiliacha lichemke bila kukoroga linakatika, mafuta huku, maji huku. Nilikuwa nalimimina, huku namjibu mtoto swali la hesabu, niliposikia mlangoni:

"Koroga. Tui halisubiri hesabu."

Alikuwa hajaingia jikoni kwangu tangu aje. Akachukua mwiko, akavuta kigoda. Akaanza kunisimulia jinsi bibi yake alivyokuwa akimsugua kambale mbichi kwa majivu kuondoa utelezi, na jinsi baba, enzi za uchumba, alivyoleta kambale mkubwa kwa wakwe huku mkia unaburuzika kwenye vumbi. Kisa hicho sijawahi kukisikia. Siku ile alikula, si sana, lakini alisafisha sahani kwa tonge la mwisho.

Presha bado inapimwa, namba zinapanda zinashuka. Wiki nyingine pesa hazifiki kwenye perege wala kambale, tunakaanga dagaa wa Kigoma na hoho, limau juu. Wiki nyingine anarudi kwenye matonge yake mawili na mimi nahesabu kimyakimya.

Lakini Jumatano pikipiki ikipiga honi, yeye ndiye anayetoka. Anafunua mashavu ya samaki, ananusa, anamwambia kijana wa watu kwamba huyu kalala njiani siku mbili na bei aliyoitaja ni ya samaki aliye hai. Kijana anaapa. "Bibi, wa leo asubuhi!" Mama anamrudisha samaki kwenye ndoo, anageuka kama anayeingia ndani, na hafiki hata mlangoni kabla bei haijashuka.