Barua Kutoka Williston: Maji Yatokayo Pamoja na Mafuta

Mjomba wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia salama hapa Williston, katika jimbo la North Dakota. Na swali lako, kwamba nchi hii imepatwa na nini tangu ilipofunguliwa kwa mafuta, na watu wa Tanga waangalie nini wakati bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linapoelekezwa Chongoleani, nimelitafakari sana, nikaona ya kuwa jawabu langu halihusu mafuta, bali maji.

Aghalabu watu hudhani kwamba kisima cha mafuta hutoa mafuta peke yake. Sivyo. Katika mwamba uitwao Bakken, ulio takriban maili 2 chini ya mashamba haya ya ngano, mafuta yamekaa pamoja na maji ya kale ambayo chumvi yake huweza kuishinda ile ya bahari mara nane hata mara kumi, na ndani yake mna amonia, risasi, na radiamu yenye mionzi; na kila pipa la mafuta linapopandishwa juu, pipa moja au zaidi la maji hayo hupanda pamoja nalo. Ndiyo tunayoyachukua sisi madereva wa maboza, kutoka kwenye matangi ya visimani hadi kwenye visima vingine vilivyochimbwa makusudi ili yarudishwe chini, katika tabaka la mchanga lililo kina cha maili moja hivi.

Ukisimama mahali pa kupakilia alfajiri ya Januari, baridi ikiwa digrii 30 chini ya sufuri, utauona mpira mnene uliounganishwa baina ya tangi na boza ukitetema, na penye mdomo wa koki, matone yalipodondokea, chumvi imejijenga nyeupe, ngumu, hata hukwanguliwa kwa chuma. Mgeni akiyaona maji hayo chini hudhani ni maji tu yamemwagika, na hiyo ndiyo hadaa yake. Mafuta yakimwagika hunuka na kung'aa, watu wakapiga kelele, na vijidudu vya udongoni huyala polepole kadiri miaka inavyopita. Lakini chumvi hailiwi na kidudu chochote. Sodiamu yake huingia katika udongo wa mfinyanzi, ikaifukuza kalsiamu iliyokuwa ikizishikanisha chembe, udongo ukavunjika na kujiziba, mvua ikawa inasimama juu isipate njia ya kupenya. Na mmea, ingawa mizizi yake imo katika unyevu, hufa kwa kiu, kwa kuwa chumvi haiyaachi maji yaingie mizizini. Katika wilaya ya Bottineau, karibu na mpaka wa Kanada, pako mahali ambapo maji haya yaliachwa yakauke katika mashimo ya wazi miongo mingi iliyopita, baada ya mafuta ya kwanza ya jimbo hili kupatikana karibu na Tioga mwaka 1951. Na hata leo mkulima hupitisha trekta lake kando ya kipara hicho, kwani mbegu itupwayo pale ni mbegu iliyopotea.

Basi sikiliza habari ya kijito cha Blacktail, kaskazini ya mji wetu. Mwezi wa Agosti 2014 bomba lililozikwa, lichukualo maji haya, lilipasuka, nalo likaendelea kumwaga hadi Januari 2015. Kwanza ilitangazwa kwamba yamemwagika galoni milioni 3. Baadaye ilithibitika kuwa ni galoni milioni 29, yaani mapipa 700,000, ambayo yangejaza zaidi ya maboza 5,000, nayo yakateremka kwa vijito hadi mto Missouri wenyewe. Mwaka 2021 kampuni yenye bomba hilo ilikiri makosa na kukubali kulipa dola milioni 35. Lakini kinachoniuma, mjomba, si udogo wala ukubwa wa faini. Ni ile miezi mitano. Msukumo ndani ya bomba ulikuwa umeshuka, na hesabu ya maji yaliyoingia haikulingana na ya yale yaliyotoka, na hesabu hiyo ilikuwapo, imeandikwa, yeyote mwenye dhamana angeweza kuisoma.

Mabomba yalisifiwa hapa kwa sababu huyapunguza malori barabarani, na sifa hiyo ni ya haki: vumbi letu na ajali zetu wenyeji wanazijua. Walakini boza likipinduka, dereva wake yupo, na polisi atafika saa ile ile. Bomba lililo chini ya nyasi halina dereva.

Mwezi wa Julai 2014 lilivuja bomba jingine katika ardhi ya Fort Berthold, makao ya Wamandan, Wahidatsa na Waarikara, karibu na kijiji cha Mandaree, zikamwagika galoni milioni 1 hivi zikishuka korongoni kuelekea ziwa Sakakawea, ambalo watu wale hunywa maji yake. Mabwawa yaliyojengwa korongoni na wanyama waitwao biva ndiyo yaliyosaidia kuzuia mkondo. Na ziwa lenyewe, mjomba, lilipatikana kwa kuyagharikisha mashamba yao bora, lilipofungwa bwawa la Garrison mwaka 1953. Kisha waliobakia juu ya vilima wakaletewa chumvi.

Sasa juu ya Tanga. Mafuta yatakayosafiri kilomita 1,443 za bomba hilo la Hoima yatakuwa yamekwisha kutenganishwa na maji kule kule Uganda, basi Chongoleani mtakuwa na haja ya kuiangalia bahari yenu na matangi yenu; wenye kukaa na maji yatokayo visimani pamoja na mafuta ni watu wa kando ya ziwa Albert. Ukikutana na wakubwa wa bomba katika mikutano yao, wala usiwaone haya, waulize kwa niaba ya hao pia: nani atazisoma mita za maji kila siku, na kama msomaji huyo analipwa na mwenye bomba au na mtu mwingine.

Ama kijana wetu atakaye kuja huku kuendesha boza, mimi simkatazi, kwani mshahara ni wa halali na watu wa hapa ni wema. Ila mwambie mapema kwamba baina ya mwaka 2010 na 2014 wafanyakazi 9 wa visima vya mafuta vya Marekani walikufa wakipima au kuchukua sampuli katika matangi, kwa mvuke utokao kifuniko kinapofunguliwa, ambao humwangusha mtu kabla hajapata kurudi nyuma. Asipande juu ya tangi bila kipima hewa kifuani na mwenziwe chini, hata msimamizi akimhimiza vipi.

Wasalaam,
Mpwa wako