Makaroni ya Baridi Kando ya Minnehaha

Sweta tatu nilizobeba kutoka Tanga hazikutoka begini hata siku moja. Kila aliyeniaga alinionya kuwa Minnesota ni jokofu, na ni kweli, lakini Januari. Mimi nilifika wiki ya mwisho ya Julai, joto nyuzi 33, hewa nzito yenye unyevu kama ya kwetu Februari. Kutoka Dar es Salaam hadi Amsterdam, kisha kuvuka Atlantiki, miguu ilikuwa imevimba. Nje ya mlango wa wasafiri nikamwona mama mdogo, kanga mabegani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

Hiyo ndiyo safari yangu ya kwanza nje ya Afrika Mashariki, na swali hilo ndilo lililonituliza. Njiani nilisoma vibao vya magari vinavyotangaza maziwa 10,000. Mama mdogo akasema ukihesabu yote yanazidi 11,000. Usiku ule jua lilizama saa tatu kasoro robo. Nilikaa kibarazani nikisubiri Maghribi huku mwili ukiniambia kwetu sasa ni alfajiri, maana tofauti ni saa nane. Watoto wa jirani walikuwa bado wanacheza mpira.

Asubuhi akanieleza jambo. Jumapili wafanyakazi wenzake wanakutana bustani ya Minnehaha, kila mtu na bakuli lake. Yeye alipangiwa saladi ya makaroni, na alikuwa na zamu ya usiku Jumamosi. “Wewe ndiye mwenye mkono wa jiko,” akasema, “nakuachia.”

Nilikubali kwa adabu, moyoni nina mashaka. Sisi watu wa pwani tambi tunazijua tangu utotoni. Ramadhani tunazikaanga mpaka ziwe za dhahabu, tunazipika kwa sukari, iliki, nazi na zabibu kavu. Makaroni tunayajua na nyama ya kusaga, moto unafuka. Makaroni ya baridi, yenye siki, kwangu yalikuwa kiporo. Na mgeni hapewi kiporo.

Jumamosi mama mdogo alinipeleka soko la wakulima lililo barabara ya Lyndale, lenye mabanda marefu ya paa jekundu. Wauzaji wengi pale ni Wahmong, watu wa milima ya Laos ambao familia zao zilikimbilia Marekani baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1975. Minnesota ni miongoni mwa majimbo yenye Wahmong wengi zaidi nchini humo, na kwa mboga mbichi mji unadaiwa nao shukrani. Bibi mmoja alikuwa amepanga pilipili kwenye vikapu vidogo: fupi, nyembamba, zenye ncha, nyekundu zikichanganyika na kijani. Nikainama. Kwa macho na kwa harufu zilikuwa pilipili kichaa zetu kabisa. Bibi akainua moja, akajigusa ulimi, akatikisa mkono kunionya. Nikamwonyesha vidole vitano, kwamba nataka vikapu vitano. Akacheka, akaniongezea fungu la mrehani bila kudai senti.

Tulinunua pia mahindi mabichi, yale matamu ambayo msimu wake ndio kwanza ulikuwa unaanza, nyanya ndogo za duara, matango na kitunguu chekundu. Nikiwa na mfuko mkononi niliwaza jinsi mahindi, nyanya na pilipili zilivyo na asili moja, bara hilihili la Amerika. Kwetu Tanga huwezi kupika siku tatu bila vitu hivyo, na leo nilikuwa nimevifuata kwao.

Jioni nikaingia jikoni. Makaroni yalikuwa ya kusokotwa mithili ya parafujo, pakiti ya gramu 450. Mama mdogo alinipa agizo moja kabla ya kwenda kazini: yachemshe dakika moja au mbili zaidi ya ilivyoandikwa kwenye pakiti. Wanga ukipoa hukakamaa, na makaroni yaliyokuwa sawa yakiwa ya moto huwa magumu yakitoka kwenye friji. Maji yawe na chumvi ya kutosha. Ukishachuja, suuza kwa maji baridi ili wanga wa juu utoke, yasigandane.

Sosi ndiyo iliyonipa raha. Nilichukua chupa ya jemu yenye kifuniko, nikatia mafuta vijiko sita vikubwa, siki ya tufaha vitatu, asali vitatu, haradali kijiko kidogo kimoja, ndimu moja, punje ya kitunguu saumu iliyosagwa na chumvi. Kisha pilipili mbili zilizokatwa nyembamba kama uzi. Nikafunga, nikatikisa kwa nguvu. Mara ya kwanza mafuta yalijitenga juu. Mara ya pili haradali ikayashika, na chupa nzima ikawa kitu kimoja kizito, rangi ya asali iliyochafuka, vipande vyekundu vikielea ndani. Nikachovya kidole. Nikajikuta nimesimama nje ya shule yangu ya msingi, mkononi embe bichi lililopakwa chumvi na pilipili, mfukoni ubuyu. Utamu, uchachu, ukali: ladha ile niliyodhani ni ngeni nilikuwa nayo mdomoni tangu nina miaka sita. Mashaka yangu yakaisha pale pale.

Nikamwaga sosi yote juu ya makaroni, nikafunika, nikalala.

Alfajiri nilifungua bakuli nikakuta pakavu. Makaroni yalikuwa yamekunywa kila tone. Tena yalikuwa yamepooza: ubaridi hufifisha ladha, hasa utamu, na chakula kilichokuwa na uhai jana kilikuwa kimya. Pilipili tu ndiyo iliyozidi, kwa sababu ukali wake huyeyuka katika mafuta na ulikuwa umesambaa usiku kucha. Nikatengeneza chupa ya pili, safari hii kwa pilipili moja na asali zaidi kidogo. Hiyo sikuimwaga. Niliibeba pembeni.

Bustani ya Minnehaha iko ndani ya mji, na maporomoko yake huanguka kiasi cha mita 16 kabla kijito hakijaenda kukutana na mto Mississippi. Henry Wadsworth Longfellow aliyapa umaarufu kwa utenzi wake wa mwaka 1855 bila kuwahi kuyaona kwa macho yake. Mimi niliyaona, nikanawa uso kwa rasharasha zake.

Bakuli letu lilikaa ndani ya boksi la barafu mpaka dakika ya kula. Wenyeji hawafanyi mzaha na hilo: Idara ya Kilimo ya Marekani inaelekeza chakula cha namna hii kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 iwe saa moja tu. Nikatia nyanya, matango, mahindi na mrehani wa yule bibi, nikamimina chupa ya pili, nikageuza mara tatu. Mzee mmoja, dereva mstaafu, alirudia sahani mara mbili, akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia Tanga, na mama mdogo hakunisahihisha.

Nawe ukitaka kuijaribu, gawa sosi mafungu mawili: moja makaroni yakiwa na uvuguvugu, la pili wakati wa kupakua. Siki ya tufaha ikikosekana, kamulia ndimu. Embe likiwa msimu, katia vipande. Pilipili usiiache.