Jua la Kapedo na Kiza cha Minnesota

 

Mwezi wa Rajab 1443, uliosadifu Februari 2022, tulitoka Mombasa kwenda Kapedo pamoja na vijana wanne wa msikiti wetu na gari moja lililosheheni unga, maharagwe na mafuta ya kupikia. Kaskazini mwa nchi ukame ulikuwa umekaza, mvua zimekosa msimu baada ya msimu. Habari za sadaka ile hatutazieleza, maana sadaka ikisimuliwa sana huharibika. Tutaeleza jambo jingine tulilosafiri nalo kifuani, nalo ni simu ya mpwa wetu.

Binti huyu wa dada yetu ameolewa Minnesota, Marekani, na hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Msimu wake wa kwanza wa baridi alitutumia picha za theluji kila juma, mtoto wake amevishwa makoti hata haonekani ila pua. Msimu wa pili picha zikakoma. Katikati ya Disemba alitupigia simu na kusema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, "Mjomba, nimechoka, na wala sikumbuki nilichokifanya hata nichoke." Alisema analala saa 10 au 11 na kuamka mzito kama hakulala. Hamu yake yote ni mkate na vitu vitamu. Nywele za bintiye hazijasukwa wiki mbili. Sala anaisali, lakini mwisho wa wakati, na moyo haupo.

Tulimjibu nini? Tunaandika haya kwa aibu. Tulimwambia kwamba uvivu ni mlango wa Shetani, azidishe adhkari, na asome juzuu nzima kila siku. Akasema, "Inshallah, Mjomba." Kisha hakupiga tena. Mama watoto aliyasikia mazungumzo yote kutoka jikoni, akaja mlangoni na mwiko mkononi. "Sheikh," akasema, "umempa mgonjwa kazi." Hatukuwa na la kumjibu, na siku zikapita, zikazidi 40, na Minnesota kimya.

Basi hayo ndiyo tuliyokuwa nayo garini. Njia ya Kapedo hupita Nairobi na Nakuru, ikateremka Marigat karibu na Ziwa Baringo, kisha Nginyang, na kuanzia hapo nchi inakuwa mawe meusi na miiba. Kapedo iko mpakani mwa Turkana na Baringo, na kila upande unaidai kuwa yake. Watu wengi wameuawa kwenye njia hiyo katika uhasama wa Waturkana na Wapokot, na mwaka 2014 askari zaidi ya 10 waliangukia katika shambulio la kuvizia karibu na mji huo. Tulisafiri kwa ruhusa na kwa kusindikizwa, na vijana wetu, wasemaji sana tangu Mombasa, hawakusema neno kwa saa mbili.

Aliyefika Kapedo hasahau maji yake. Chini ya mlima wa volkano uitwao Silali chemchemi za maji moto hububujika kutoka ardhini, zikakusanyika zikawa kijito, na kijito kikaporomoka kwenye mwamba kikafuka mvuke na kuingia mto Suguta, unaoelekea kaskazini katika bonde ambalo ni miongoni mwa sehemu zenye joto kali kabisa katika Kenya. Hebu fikirini, maji ya moto chini ya jua la moto. Wanawake wanafua huko, watoto wanaoga wakipiga kelele, na kando yake imeota mikoma, ile ile ambayo mama zetu wa pwani hutwaa miaa yake wakasuka mikeka. Waturkana huuita mkoma eng'ol. Matunda yake huliwa, na majani yake wanawake husukia vikapu.

Chini ya mkoma mmoja palikuwa na mama mtu mzima akisuka kikapu. Tulipomtazama tukamkumbuka marehemu mama yetu na ukili wake barazani, tukaomba ruhusa ya kukaa. Mwalimu mmoja kijana wa pale alitufasiria. Mama alitueleza kwamba mwaka kwao una sehemu mbili: akiporo, wakati wa mvua, na akamu, wakati wa ukavu. Ukavu ukizidi kipimo hupewa jina lake wenyewe. Ule wa karibu na 1980 uliitwa Lopiar, uliofagia, kwa sababu haukubakisha mifugo. Tukamuuliza watu hufanyaje na nyoyo zao wakati wa akamu. Mwalimu alisita kidogo kulifasiri swali hilo. Mama akajibu, mikono yake haikusimama, kwamba wakati huo vijana wako mbali na mifugo, ngoma na harusi zinangoja mvua, na watu huwa kimya. Mtu haulizwi kwa nini amenyamaza. Kila mmoja anajua ni akamu.

Hatusemi hivyo ili kuipamba shida. Mama huyo alikuwa na njaa, nasi tulikuwa tumekuja kwa sababu ya njaa hiyo. Lakini liko jambo moja alilokuwa nalo ambalo mpwa wetu hakuwa nalo: majira yake mabaya yana jina, na hakuna anayemlaumu kwa kuelemewa nayo.

Tukamweleza habari za nchi ambako jua la Disemba huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni, wakati ambapo huku watu ndio kwanza wametoka Alasiri, na ya kwamba tuna binti huko aliyeshindwa kuamka. Hakulishangaa jua, na labda hakulisadiki. Aliuliza, "Anakaa na nani?" Tukasema anakaa na mumewe, ambaye hufanya kazi mchana, naye hufanya kazi usiku. Mama akacheka kidogo, si kwa dhihaka, akasema neno ambalo mwalimu alilifasiri hivi: "Basi hakai na mtu."

Kutoka Kapedo tulipita Lokori na Lokichar tukaingia Lodwar, mji ambao serikali ya kikoloni ilimfungia Jomo Kenyatta kuanzia 1959, ikidhani joto na umbali vinatosha kuwa adhabu. Baada ya Isha tulikaa nje ya msikiti na tabibu mmoja Mwislamu anayefanya kazi huko. Tulimsimulia hali ya mpwa wetu, tukijifanya kuwa ni mtu wa rafiki yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali ambayo sisi hatukuuliza. Je, mwaka uliotangulia alipatwa na hali hii? Je, huondoka ikifika Machi au Aprili? Je, amewahi kusema kwamba bora asingekuwapo? Hilo la mwisho lilituingia baridi mgongoni, kwa kuwa hatukujua.

Alitueleza kwamba maradhi haya yanajulikana, na wataalamu wa Kiswahili huita sonona ya majira. Aliyeyaeleza kitabibu mwaka 1984 pamoja na wenzake ni daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye alihamia Marekani na kuyaona kwanza katika nafsi yake: wakati wa baridi nguvu zilimwishia, na siku ziliporefuka zikarudi. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni ndio unaoiweka sawa saa iliyomo ndani ya ubongo. Ukichelewa au ukiwa hafifu, mwili hauchambui vizuri usiku na mchana, na usingizi, hamu ya chakula na furaha vyote hupotea njia. Hapa kwetu, Mombasa au Lodwar, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haizidi nusu saa mwaka mzima, ndiyo maana wazee wetu hawakutuachia neno la maradhi haya. Tunajua kusi na kaskazi, tunajua mvuvi aliyevuta chombo pwani akanywea kwa kukosa riziki, lakini kunyimwa jua lenyewe hatukujui. Na anayefanya kazi usiku na kulala mchana, akasema tabibu, hata kile kidogo kilichopo hakioni.

Dawa yake aliitaja bila kuipamba. Ipo taa maalumu yenye nguvu ya laksi 10,000, ambayo mtu huiweka mbele yake mapema asubuhi kwa takriban nusu saa, akinywa chai au akisoma, bila kuikodolea macho. Mwenye maradhi ya macho, au aliyewahi kupatwa na maradhi ya akili ya kupanda na kushuka, asiitumie kabla ya kumwona daktari. Kutoka nje mchana, hata kama kuna mawingu, kunafaa. Yapo mazungumzo na mtaalamu wa nafsi, na zipo dawa za kumeza kwa anayezihitaji. Kwa dada zetu wanaojisitiri katika nchi za kaskazini aliongeza jambo la vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua: Uingereza huwashauri wanaofunika sehemu kubwa ya mwili watumie mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Hiyo ni kwa ajili ya mifupa na misuli, akasema, wala asidanganywe mtu kwamba peke yake inaponya huzuni.

Usiku ule usingizi ulitupaa. Sisi tuliolelewa madrasa tunajua vyema kwamba Nabii Yaqub (a.s.) alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, na hakuna aliyethubutu kuitilia shaka imani yake. Tunajua kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na huzuni na unyonge, na kwamba ametuhimiza tujitibu. Tena yuko Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, ambaye katika kitabu chake cha maslahi ya miili na nafsi aliigawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu inayojulikana, kama msiba, na isiyojulikana sababu yake, ambayo chanzo chake alikiweka mwilini na tiba yake pia akaielekeza mwilini. Mama wa Kapedo na mpwa wetu ni mafungu hayo mawili. Haya yote tulikuwa nayo kichwani siku ile ya simu, nasi tukatoa fatwa ya uvivu!

Likatujia pia jambo la talbina, uji wa shayiri ambao Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza upikwe kwa ajili ya wagonjwa na wafiwa. Tumelisomesha somo hilo mara nyingi, tukitaja faida za shayiri. Hatukuwahi kuzingatia kwamba mfiwa hapiki mwenyewe. Kuna mwingine anayekoroga chungu na kumpelekea.

Kakuma tulikaa siku moja tu. Kambi ile ilianzishwa 1992, na ni kutoka hapo kwamba maelfu wamepelekwa Marekani, wakiwemo wale Wabantu wa Somalia, wajukuu wa Wazigua na Wayao waliotekwa utumwani kutoka nchi za Tanganyika na Msumbiji, waliohamishiwa Kakuma mwaka 2002 kusubiri safari. Mzee mmoja aliyebaki alituambia kuhusu mwanawe aliyekwenda. "Tuliambiwa habari za baridi," alisema. "Za kiza hatukuambiwa." Hakuendelea, nasi hatukumchimba.

Alasiri hiyo hiyo tukampigia mpwa wetu. Wakati wa baridi Minnesota iko nyuma yetu saa 9, kwa hiyo kwake ilikuwa kiasi cha saa 1 asubuhi, ndio anarudi kazini. Tulianza kwa kumwomba radhi, tukamwambia kwamba tulikosea na kwamba alikuwa mgonjwa, si mvivu. Hakusema kitu muda mrefu, hata tukadhani mtandao umekatika. Kisha tukamsikia analia. Tukamuuliza lile swali la tabibu, kwa maneno ya wazi. Akajibu kwamba mara mbili aliwahi kuwaza hivyo, na kwamba hakumwambia mumewe kwa kuogopa kuambiwa hana imani.

Siku ile ile mumewe aliomba ruhusa kazini akampeleka kwa daktari. Wasidhani wasomaji kwamba mambo yalinyooka hapo hapo. Taa wiki ya kwanza ilimuumiza kichwa, daktari akaongeza dawa ya kumeza, na dada yetu hapa Mombasa alikataa katakata, akashika kwamba mwanawe kapigwa na jicho la hasidi. Tulisoma ruqya, na tunaiamini, lakini tulimwambia dada yetu kuwa ruqya haijawahi kumzuia mtu asiende hospitali. Ilimchukua mwezi kutusikia. Mwajiri naye alichelewa kumhamishia zamu ya mchana mpaka baridi yenyewe ilipokuwa inaisha.

Lililosaidia mapema kuliko yote lilikuwa wazo la mama watoto. Kila siku, sisi tukitoka Alasiri, dada yetu hupiga simu ya picha. Kule ni asubuhi. Mpwa wetu huweka simu kando ya taa, na mama na binti hunywa chai pamoja nusu saa nzima, huyu akiwa na mahamri, yule na mkate wake. Wakati mwingine hawana la kuzungumza, basi dada yetu humenya vitunguu vyake na mwanawe anamtazama.

Mwaka uliofuata taa ilitolewa kabatini Oktoba, kabla majani hayajaisha mitini. Disemba ilikuwa nzito, lakini nywele za mtoto zilisukwa, tena kwa mtindo wa twende kilioni, na picha tukatumiwa.